Maua ya Chumbani kwa Mama Namkunda

Niwieni radhi, marafiki. Tangu tumzike mke wangu sijaandika neno hapa.

Leo binti yetu Namkunda alipanda huku milimani kutoka Same mjini kunichukua nikaishi kwake.

Tulifungua chumba cha mama yake. Maua ya zambarau yamechanua katika makopo yote, kama enzi zake.

Mimi huyamwagilia tu. Kuyageuza kila asubuhi, yasiegemee dirishani kufuata mwanga, ilikuwa kazi yake.

Yote yameelekea kitandani. Dirisha yamelipa mgongo!

“Baba, umeyageuza?”

“Sijayageuza hata siku moja.”

Alirudi nyuma hadi mlangoni. “Basi Mama hajaondoka.”

Nikihama nayo, joto la Same litayaua.

Namkunda ameteremka peke yake. Ninyi mngefanyaje? Nikishaamua kumfuata mtoto au kubaki na mama yake, nitawaandikia.