Chokoleti ya Anyesi Yaokoa Tembe la Msalato

Jua la Msalato, nje kidogo ya mji wa Dodoma, halijachomoza. Anyesi Ndahani anainama kupita mlango mfupi wa tembe la mama yake, nyumba ya udongo ya Kigogo yenye paa bapa, mkononi ana sufuria ya chokoleti. Anachota kijiko, anamimina juu ya karatasi, na chokoleti inatandaa kuwa kisahani cha duara. Upesi vidole vyake vinapanga juu yake zabibu kavu za Makutupora, korosho, karanga na kipande cha embe kavu.

"Ukizubaa kidogo tu, karanga inakataa kushika," anasema bila kuinua macho. "Na kijiko kikiwa na tone la maji, basi, sufuria nzima imekwenda."

Wafaransa huviita visahani hivi mendianti. Anyesi, mwenye umri wa miaka 38, alifundishwa na sista mmoja Mfaransa alipokuwa msaidizi wa jikoni katika nyumba ya masista huko Mpwapwa. Alipoanza kuvitengeneza mwenyewe mjini Dodoma, majirani walimcheka.

"Waliniuliza, 'Anyesi, chokoleti na jua hili la kwetu?'"

Hawakukosea sana. Novemba iliyopita alipata oda yake kubwa ya kwanza, visahani 600 vya harusi ya binti aitwaye Violeth. Alikwisha kuahidi mbele ya kamati nzima. Lakini chumba chake mjini, chini ya bati, hakikupoa hata usiku, na chokoleti iligoma kuganda. Alipoiweka kwenye friji ilitoka imepauka, inatoa jasho, zabibu zinabanduka.

"Nililia. Nilijua nikiwaangusha wale, mji mzima utasikia, na biashara imekufa ikingali changa."

Harusi ikiwa imekaribia, alikwenda Msalato na vyombo vyake vyote. Hakufuata ufumbuzi huko. Alikwenda kuiaga nyumba aliyozaliwa.

Kaka yake Yotham, fundi ujenzi, alikuwa ameshaleta matofali na bati. Kesho yake angebomoa tembe na kumjengea mama yao nyumba ya kisasa, kwani majirani wote walishajenga, na yeye fundi mzima alikuwa anaona aibu.

Kwa kuwa kazi ilimbana, jioni ile Anyesi alimimina visahani vichache, akaviacha kwenye sinia, akalala na huzuni yake. Alfajiri mama yake, Dorkasi, akamtikisa.

"Anyesi, amka. Pipi zako zimekauka."

Vilikuwa vimeganda, vinang'aa, na alipokivunja kimoja kililia ka! Kuta nene na paa la udongo vilikuwa vimefanya kilichoishinda friji.

Yotham akafika na sururu begani.

"Shikamoo kaka. Nakuomba, usilibomoe."

"Marahaba. Yaani tubaki na nyumba ya udongo kwa ajili ya pipi?"

"Onja kwanza."

Alionja. Akaomba cha pili. Sururu ikaegemezwa ukutani, "mpaka harusi ipite tu," alisema akijikaza.

Visahani 600 vilifika ukumbini kwenye makasha ya barafu, vizima. Anyesi alisimama mlangoni akasikia vikivunjwa kwa meno, meza hadi meza. "Nusura nipige vigelegele kumshinda mama wa bibi harusi," anasema, na furaha ile bado imemjaa usoni.

Siku hizi kamati za harusi humpigia simu zenyewe, na hoteli mbili za mjini huchukua mzigo kila wiki. Sasa anataka tembe la pili, kubwa zaidi, lenye sakafu ya vigae na madirisha ya wavu, afundishe humo wasichana wa Msalato kazi hii.

Fundi ameshapatikana. Yuko juu ya paa la tembe la mama yake, anaongeza udongo kabla mvua hazijaanza.

"Nilikuja kulibomoa," Yotham anasema kutoka huko juu, "sasa nalipaka udongo kwa mikono yangu."

Na yale mabati? Dorkasi anaonyesha kwa kidevu upande wa pili wa uwanja, kwenye banda jipya linalong'aa.

"Mbuzi," anasema, "ndio wanaokaa kisasa."