Vidole vya Karani wa Masjala

Juzi, kwenye dirisha la masjala ya chuo kimoja hapa Mombasa, binti alikuwa akilia. Faili lake lilikuwa na matokeo ya mwenziwe aliyeanguka, kwa kuwa majina yao matatu ni sawasawa. Kazi ya ualimu ilikuwa ikimponyoka.

"Nyamaza, mwanangu, nipe nambari yako," karani mzee akasema. Akafunua kitambaa cha kufuma kilichofunika kompyuta mpya, akagonga kwa kidole kimoja. "Umepita! Aliyeanguka ni yule wa Ganjoni."

"Ahsante, mjomba!"

Nami, niliyekuwa nyuma yake kwenye foleni, nikaulizia cheti changu cha zamani nilichokipoteza safarini.

"Miaka yenu sijaiingiza kwenye kompyuta," akasema, kisha akajigusa kichwa. "Lakini humu umo. Ulirudia hesabu mara mbili."

Kompyuta hiyo idumu. Mzee naye namwombea umri mrefu na vidole vizito, asije akalifikia faili langu.