Nyumba Tuliyoinunua na Mtu Ndani

Nyumba yetu ya kwanza London, ile ya Kilburn, tuliipata rahisi kwa sababu ilikuwa na mtu ndani. Ghorofani aliishi bibi mmoja wa Kiairishi, mjane, mpangaji wa tangu zamani, na sheria ya wakati ule haikumruhusu mwenye nyumba kumtoa wala kumpandishia kodi atakavyo. Wanunuzi wengine wakisikia hivyo waliishia mlangoni. Sisi tulikuwa tumetoka Unguja baada ya mapinduzi, mume wangu dereva wa basi, mimi mshonaji kiwandani, na watoto wawili katika chumba kimoja cha kupanga. Tuliona afadhali nyumba yenye mtu kuliko kukosa nyumba.

Palikuwa na suala la riba. Mume wangu aliwauliza masheikh wawili, akarudi na majibu mawili.

"Sasa tufuate lipi?" nikamuuliza.

"La yule mwenye watoto wengi. Anajua shida ya kuhamahama."

Tukaenda kutia saini mkopo wa benki.

Siku ya kuhamia, bibi alitungoja juu ya ngazi, kakunja mikono.

"Mmekuja kunitoa?"

"Tumekuja kukaa," mume wangu akamjibu.

"Basi maji ya moto msiyamalize asubuhi." Akafunga mlango wake.

Ulikaa umefungwa mpaka Ramadhani, nilipompelekea sahani ya sambusa. Kesho yake sahani ikarudi na keki ya zabibu kavu. Kufika mwaka wa pili ni yeye aliyekuwa akiwapokea watoto wakitoka skuli. Nikiwasemesha Kiswahili walinijibu Kiingereza, tena kile cha bibi, chenye lafudhi ya Kiairishi, hata mwalimu wao akauliza baba yao ni mtu wa wapi.

Miaka ikaenda. Kila mwezi tulilipa benki, na kila likizo mume wangu alitengeneza kitu: paa, madirisha, kuta za ukumbini. Kupiga plasta alijifunza kwa kuharibu.

Halafu bibi akaanza kuumwa magoti. Jioni moja aliteremka polepole, akakaa jikoni kwangu.

"Ngazi zimenishinda," akasema. "Nipeni kile chumba cha chini kinachotazama bustani, na choo karibu. Ghorofa yote chukueni."

Hakuna aliyemwomba. Mume wangu hakumkubalia palepale. Alimtaka kwanza aende kwa wakili wake mwenyewe, iandikwe kwamba chumba kile ni chake maisha yake yote, kwa kodi ileile.

"Mnadhani mimi siwaamini?" bibi akauliza.

"Sisi ndio hatujiamini," mume wangu akasema. Bibi alicheka mpaka akashika meza.

Ghorofa tukaipaka rangi, tukawapangisha wauguzi wawili. Rafiki yangu wa kiwandani, Mpunjabi mzaliwa wa Kisumu, aliposikia akamleta kaka yake, aliyekuwa akiwatafutia watu mikopo ya nyumba huko Southall. Alizunguka vyumba vyote, akagonga kuta, kisha akakaa kwenye chai na Kiswahili chake cha Kenya.

"Mama, hii nyumba iko na pesa ndani na nyinyi mnalala tu juu yake. Deni ya benki imebaki kidogo. Bei imepanda sana, na hii kazi ya mzee imeipandisha zaidi. Ukitoa deni kwa bei, ile inabaki ni yenu. Benki inaweza kuwakopesha juu ya hiyo, mnunue ingine."

"Na wapangaji wa hiyo nyingine wakihama?" nikauliza.

"Ndiyo maana usichukue yote. Bakisha ya kukaa miezi mitano, sita bila mpangaji."

Usiku ule mimi na mume wangu hatukubishana, jambo la ajabu. Tuliamua kukopa nusu tu ya zile pesa alizosema yule kaka kwamba zinawezekana.

Benki ilimtuma mthamini, kijana mwenye suti na ubao wa kuandikia. Nilikuwa nimefagia tangu alfajiri. Bibi hakumwachia nafasi. Alimshika mkono, akampitisha chumba kwa chumba: "Hapa maji yalikuwa yakivuja, sasa hayavuji. Hapa niliishi na baridi miaka ishirini. Gusa ukuta, gusa!" Kijana akagusa, akaandika, akaondoka na kipande cha keki. Jibu la benki lilikuwa zuri kuliko tulivyotarajia.

Nyumba ya pili tuliinunua Peckham, ndogo, karibu na kituo cha treni. Mpangaji wetu wa mwanzo alikuwa mama mmoja Mkongo mwenye watoto watatu. Siku ya kumkabidhi funguo bibi alishikilia kuja. Tukampakia garini na mkongojo wake. Kufika, alifungua kila bomba, akavuta kila droo, kisha akamgeukia yule mama mbele yetu sisi wenye nyumba.

"Hawa ni watu wema, lakini wenye nyumba ni wenye nyumba. Wakichelewa kutengeneza kitu, nipigie simu mimi." Akamwandikia namba.

Wiki ya pili simu ikalia chumbani kwa bibi: sinki la Peckham limeziba. Bibi akafungua mlango, akaita jina la mume wangu kwa sauti ya kusikika mtaa mzima. Mume wangu aliacha chai yake mezani, akatoka na spana mkononi, huku akicheka.