Bobi alining'inia nje ya kamyo

Leo nimepiga kelele kwenye kizuizi cha askari, mahali ambapo dereva alituomba tunyamaze.

Tulikuwa tunakimbia vita Pweto, tumekaa juu ya magunia ya samaki kwenye kamyo, lori la wazi.
Mbwa wetu Bobi nilimfunga shingoni kwa kamba ndefu. Nilimwonea huruma, nikataka aweze kusogea.
(Mimi, ninayekagua kila kitu mara mbili.)

Kamyo ikasimama ghafla. Bobi akaruka nje.
Kamba haikufika chini.

Nikapiga kelele.
Askari akaja mbio na bunduki. Nikajua atampiga risasi.

Akamwinua kwa mikono miwili, akamrudisha juu.
“Ni weye ulimufunga?”
“Ni miye, shefu.”
“Ulipenda kumunyonga?”

Nimemfunga upya kwa kitenge kifuani, karibu nami, katikati ya magunia.

Tumefika Lubumbashi.
Kama unasafiri na mbwa juu ya kamyo, tafadhali, iangalie kamba yake sasa hivi.