Lori lilienda kwenye posa, ukuta wa Gisozi ukamlalia kaka yangu

Mkono wa kaka yangu ulikuwa nje ya udongo. Mimi nimefukiwa mpaka kiunoni, nauvuta, nao haunishiki tena.

Wakuu, nawasalimu nikianzia hapo kwa sababu kila nikilala ndipo ninapoanzia. Haya niliyaona kwa macho. Shule niliishia la tatu, mnivumilie.

Ilikuwa Kigali, tisini na mbili, kabla ya yale makubwa ya tisini na nne. (Yale makubwa ndiyo yamefanya msiba wangu usiulizwe na mtu.)

Patron Gaspari, tajiri wetu, alikuwa anajenga depo, ghala lake, kwenye mteremko wa Gisozi, na ukuta wa kuzuia udongo. Mimi na kaka yangu Manweli tulikuwa vibarua wake. Injinia Fostini akaja na mashine ya kupima ardhi bila kuchimba.

Kazi iko hivi: ubao mzito unalazwa chini, lori linaukanyaga usiteleze, unaupiga nyundo ubavuni. Mtikisiko unapita ardhini, vidude vilivyochomekwa kwa mstari vinausikia. Udongo laini, unatembea pole. Mgumu, unakimbia. Injinia anapiga hesabu, anajua kila kina kasi yake, na ukuta usimame juu ya nini.

Juu, kando ya barabara, tulipima vizuri. Mtikisiko ulikimbia.

Kesho yake zamu ya chini, kwenye udongo wa kujaziwa, pale pale pa kuweka ukuta. Patron akachukua lori libebe bia za gusaba, yaani posa ya binti yake.

"Sasa ubao utakanyagwa na nini, patron?" Fostini akauliza.

"Watu si wako hapo? Wapande."

Tukapanda. Manweli akanguruma kwa mdomo: "Leo mimi ndiyo rori, bwana! Nipeni mazutu, dizeli imeisha!" Tulicheka mpaka tukaanguka.

Ubao ukateleza kila pigo. Fostini mwenyewe alisema, "Huku kwenda chini sina kipimo."

"Kadiria kwa ile ya juu. Mlima si mmoja? Twende, bia zinapata joto."

Akakadiria. Akasaini. Ukuta tukaujenga kwa hesabu hiyo.

Mvua zilipokolea, ukuta ukaondoka na udongo wake. Sisi tuko chini, tunakula maharage.

Mimi nilitolewa na nyonga iliyovunjika. Manweli alitolewa kesho yake.

Somo? Udongo wa kujaziwa haukadiriwi kwa jirani yake. Nimelijua, halijanisaidia kitu.

Gaspari alishakufa. Fostini yuko hai, nimemwona Kimihurura akishuka kwenye gari. Akaniita "mzee", akapita.

Semeni nanyi, wakuu. Na anayemjua amwonyeshe uzi huu.

Fostini, kipimo hukuwa nacho. Njoo ujibu hapa mbele za watu: ile kasi uliyoiandika ulikuwa umeipima wapi?