Kicheko cha Kifaranga

Jirani yangu wa mlango wa pili anachora nembo ya kampuni ya vipindi vya watoto, ile inayotokea kwenye televisheni kabla kipindi hakijaanza. Yai linapasuka, kifaranga anatoka, anacheka, basi. Kwa yai hilo wakubwa wake hawaishi vikao. Leo mdomo umezidi ukali, kesho mabawa hayana furaha. Yeye hunywa chai iliyokwisha poa, hufikicha macho kwa kiganja, na hata tukiongea vidole vyake huchora vifaranga hewani. Husema polepole, kama anayembembeleza mtoto alale.

Kicheko chenyewe ni cha marehemu mke wangu. Jirani alikuwa akijaribu kulia kama kifaranga hapa barazani, mke wangu mbavu hana, jirani akamrekodi. Sasa kila jioni nawasha televisheni, nakisikia, nazima. Vipindi vyao sivijui. Juzi jirani alisimama mlangoni. "Mzee, wanataka kicheko kipya. Eti hiki kimezeeka." Vidole vyake vilikuwa vimetulia, jambo ambalo sijapata kuliona.

Leo karudi mbio. "Nimewapelekea kilekile, nikawaambia kipya. Wamepiga makofi, Mzee! Mkubwa kasema, sasa hapa mmepata mtoto hasa!"

"Mtoto mwenye wajukuu," nikasema. "Angesikia, angecheka."

Akatazama saa, vidole vimeshaanza tena kuchora. "Basi washa, Mzee. Kipindi kinakaribia; ndiyo anataka kucheka."