Viatu vya Kuingilia Sebuleni

Fundi viatu mmoja alikuwa mjane, na kibanda chake cha bati kilikuwa nyuma ya nyumba ya ukoo wa marehemu mumewe. Mikono yake ilinuka gundi hata siku za mapumziko, lakini kauli yake ilikuwa safi, maana alikuwa amesoma sana kabla hajashika sindano. Alikuwa na binti mmoja wa miaka minane, aliyezaliwa na mtindio wa ubongo. Akili ya mtoto ilikuwa wembe. Miguu ndiyo iliyokaidi. Alitembea kwa ncha za vidole, magoti yakigongana, mguu wa kushoto ukigeukia ndani, na kila baada ya hatua tatu nne alikuwa chini.

Shemeji yake, kaka mkubwa wa marehemu na mkuu wa nyumba hiyo, alikuwa anaozesha binti yake. Wageni wa upande wa bwana harusi walipokuja mara ya kwanza, alimvuta fundi pembeni.

"Shemeji, huyu mtoto mfungie chumbani. Watu wasije wakasema ukoo una kasoro."

Machozi ya msiba yalikuwa hayajamkauka. Akatii. Katikati ya maongezi mtoto akacheka huko ndani, kicheko chake kile cha kukwaruza. Mama wa bwana harusi akauliza, "Ni nani huyo?"

"Paka wa jirani," akasema shemeji, akamwongezea chai.

Fundi alikuwa mlangoni, sinia mkononi. Wageni walipoondoka, alimtoa mtoto chumbani. Alirudi naye kibandani, akaweka mguu wake juu ya karatasi, akauchora kwa penseli. "Mume wangu hakuzaa paka," alisema, na penseli ikavunjika ncha. Wageni wangerudi baada ya miezi minne. Siku hiyo mtoto angeingia sebuleni kwa miguu yake mwenyewe, na shemeji angemeza ulimi.

Jozi ya kwanza aliishona kwa hasira. Ngozi nene, soli ngumu, na chini ya kila kisigino akapigilia kipande cha chuma, ili kila hatua isikike mpaka kwenye kiti cha shemeji. Vilimetameta kama vya gwaride. Mtoto akavivaa, akasimama, akakwama hapo hapo.

"Mama, mimi nivibebe au vyenyewe vinibebe?"

Kliniki alikompeleka mtoto, dada wa mazoezi ya viungo alivipima uzito kwa mkono, akavigonga mezani.

"Mama, hivi umemshonea nani?"

"Mwanangu."

"Siyo kweli. Hivi umemshonea mtu wa kuvisikia. Mtoto hana nguvu ya kuvinyanyua."

Fundi aliona haya kuliko alivyowahi kuona. Akang'oa chuma. Alishona upya: ngozi laini mbele, ngumu kuzunguka kisigino na kifundo ili mguu usilale, soli pana na nyepesi, iliyoinuliwa kidogo ukingoni, kamba zinazofunguka mpaka vidoleni, mguu mkaidi uingie bila vita. Kila Jumamosi dada alimtazama mtoto akitembea, akaonyesha panapobana, na fundi akarudi kukwangua. Jozi ya tatu ndiyo iliyokubali. Kisigino kiligusa sakafu. Magoti bado yaligombana, lakini mtoto alivuka ua mzima bila kuanguka.

Viatu alivilainisha, moyo aliuacha vile vile.

Wageni wakarudi. Safari hii shemeji hakuambiwa kitu, naye hakusikia kitu. Chuma kingemwonya, angewahi mlango. Soli laini haikumwonya. Aliinua macho na mtoto yuko mbele yake, jasho puani, mkono umetangulia.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Mara... marahaba."

Mtoto akageuka taratibu, akawaamkia wageni mmoja mmoja. Mama wa bwana harusi akamshika mkono.

"Mwenye adabu hivi! Ni wa nani?"

"Wa marehemu mdogo wangu," akasema shemeji.

"Mbona mara ile hatukumwona? Alikuwa wapi?"

Shemeji akamtazama fundi kwa macho ya kuomba. Neno moja kutoka kwa fundi lingemwokoa, naye fundi maneno hakuyakosa.

"Shemeji ndiye mkuu wa nyumba hii," akasema fundi kwa upole. "Muulizeni yeye."

Kisha akavuta kiti, akaketi, akakunja mikono, akasubiri jibu pamoja na wageni.